Andalusia au Sisilia? Siku sita za nyongeza baada ya Paris

BARUA

Ndugu Mshauri,

Salamu nyingi kutoka Mombasa. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, na mama watoto bado anafundisha shule ya msingi, kwa hiyo safari zetu hufuata kalenda ya shule. Kijana wetu na mkewe wanaishi katika kitongoji kimoja cha Paris, na Mwenyezi Mungu amewajaalia mtoto wao wa kwanza. Tumeamua kwenda kumwona mjukuu katika likizo ya Aprili. Tutakaa kwao siku kumi na moja hivi, kisha, kwa kuwa nauli ya kutoka Mombasa hadi Ulaya si kitu cha kulipwa kila mwaka, tumekubaliana kuongeza usiku sita katika eneo jingine kabla ya kurudi nyumbani.

Hapo ndipo tulipokwama. Mama watoto anataka Andalusia, kusini mwa Hispania. Habari za Andalusi, yaani Hispania ya enzi za Waislamu, alizisikia madrasa tangu akiwa msichana mdogo, na anasema kwamba akienda Ulaya akarudi bila kuuona msikiti wa Córdoba na kasri la Alhambra, atakuwa amekwenda kutembelea uwanja wa ndege tu. Moyo wangu mimi uko Sisilia. Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto habari za volkeno kwa mchoro wa chaki ubaoni, na ningependa kabla sijafa niuone mlima Etna ukifuka moshi. Tena Palermo ndiko mwanajiografia Mwislamu al-Idrisi alikoitengenezea ramani yake ya dunia katika karne ya 12, na katika maelezo yake pwani yetu hii imetajwa. Mwalimu wa jiografia atakosaje kutamani kusimama mahali kama hapo?

Kijana wetu, ambaye ni mpatanishi tangu utotoni, anashauri tugawane: usiku tatu za mama, usiku tatu za baba. Mkazamwana wetu anasema tuachane na yote mawili, tupumzike palepale Paris na mtoto.

Mambo mengine unayopaswa kuyajua ni haya. Mama watoto ana goti linalomsumbua. Mahali tambarare hutembea vizuri, lakini ngazi na vilima humchosha. Mimi naendesha gari hapa nyumbani, ila sijawahi kuendesha upande wa kulia wa barabara, wala sioni sababu ya kujifunza katika umri huu. Fedha tunazo za kiasi. Tunakula halali, na tungefurahi kama Ijumaa ingetukuta mahali penye msikiti. Je, tukitoka Ufaransa tutahitaji viza nyingine? Nakuomba utuamulie, maana tumefika mahali ambapo kila mmoja anamwambia mwenzake "amua wewe" kwa sauti ya mtu asiyemaanisha.

Wako,
Mwalimu Mstaafu, Mombasa

JIBU

Mwalimu, shikamoo, na salamu zangu zimfikie Mama pia. Hongereni kwa kupata mjukuu, Mungu amkuze.

Umeniomba niamue, nami sitazunguka. Nendeni Andalusia kwa usiku zote sita, na mkiwa huko shikeni miji miwili tu, Granada na Córdoba, pamoja na usiku mmoja wa Málaga kabla ya kupanda ndege ya kurudi Paris. Sisemi hivi kwa sababu Andalusia inaishinda Sisilia kwa uzuri, maana mashindano hayo hayana refa. Nasema hivi kwa sababu ya mambo mawili uliyoyataja mwishoni mwa barua kana kwamba ni madogo, yaani goti la Mama na usukani usiotaka kuushika. Eneo la kuongeza katika safari huchaguliwa kwa kuangalia mtakavyotoka sehemu moja hadi nyingine baada ya kufika, na katika jambo hilo maeneo haya mawili hayalingani hata kidogo.

Wewe ukiitazama Sisilia katika ramani utaona tatizo upesi kuliko mimi ninavyoweza kulieleza. Ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Bahari ya Mediterania, na vitu vinavyowavuta wageni vimekaa pembezoni mwake, kila kimoja upande wake: Palermo kaskazini-magharibi, Etna na Catania mashariki, mahekalu ya Kigiriki ya Agrigento kusini. Treni ya kutoka Palermo hadi Catania huchukua kama saa tatu, na ya Agrigento kama saa mbili. Etna yenyewe, ambayo kimo chake kinapita mita 3,300, haifikiwi kirahisi kwa usafiri wa umma. Basi kutoka Catania hupanda asubuhi na kushuka alasiri, likiwaacha abiria kwenye kituo kilichoko karibu mita 1,900, na kutoka hapo anayetaka kuendelea hupanda kigari cha kamba, kisha gari la kupanda mlima au miguu yake mwenyewe juu ya changarawe za majivu. Mlima ukiamka vibaya siku hiyo, njia za juu hufungwa, na mara nyingine majivu huufunga hata uwanja wa ndege wa Catania. Ndiyo maana wageni wengi wa Sisilia hukodi gari. Nanyi gari hamlitaki, nami siwalaumu: Italia humtaka dereva wa kutoka kwetu awe na kibali cha kimataifa pamoja na leseni yake, na katikati ya miji mikongwe kuna mitaa ambayo magari yasiyo na ruhusa hayaruhusiwi kuingia, inalindwa na kamera, na faini humfuata mgeni miezi kadhaa baada ya kurudi kwao, akiwa ameshasahau kama aliwahi kupita huko.

Andalusia nayo ni kubwa, tena kubwa kuliko Sisilia mara tatu na zaidi, lakini reli yake imeifupisha. Mtaruka kutoka Paris hadi Málaga, safari ya saa mbili na nusu hivi. Kutoka Málaga hadi Granada kuna mabasi mazuri ya kama saa moja na nusu hadi mbili. Kutoka Granada hadi Córdoba kuna treni ya muda kama huohuo, na kutoka Córdoba kurudi Málaga treni ya mwendo kasi hutumia karibu saa moja. Uwanja wa ndege wa Málaga umeunganishwa na stesheni kuu ya mji kwa treni ndogo ya mjini. Hamtashika usukani hata mara moja, na hamtakuwa na siku hata moja itakayomalizikia njiani. Laleni usiku tatu Granada, mbili Córdoba na moja Málaga.

Pendekezo la kijana wenu la kugawana tatu kwa tatu ni la mtoto mwema, lakini likataeni kwa upole. Kati ya Málaga na Palermo mara nyingi hupati ndege ya moja kwa moja. Utapitia Roma, Madrid au Barcelona, na siku nzima itamezwa na viwanja vya ndege, mizigo na foleni. Ukiondoa siku ya kufika na siku ya kuondoka, kila mmoja wenu atabaki na siku moja na nusu ya kile alichokitamani maisha yake yote, huku goti la Mama likilipa gharama ya ngazi za treni mara mbili. Ushauri wa mkazamwana wenu una hekima zaidi kuliko unavyoonekana, na kama mtoto atakuwa bado mchanga sana huenda wakahitaji mikono yenu kwa muda zaidi. Hilo mlizungumze nao kabla ya kulipia chochote.

Sasa nije kwa al-Idrisi, maana nisipomgusa utadhani nimependelea upande mmoja. Ni kweli kwamba kazi yake aliifanya katika jumba la mfalme Roger wa Pili wa Sisilia mjini Palermo na kuikamilisha mwaka 1154, na ni kweli kwamba Malindi na Mombasa zimo katika maelezo yake ya nchi ya Zanji, yaani pwani ya Afrika Mashariki. Lakini bamba la fedha ambalo ramani ilichorwa juu yake lilipotea zamani, na ukifika Palermo hutaoneshwa ramani yenyewe. Nakala kongwe za mkono za kitabu hicho zimetawanyika, na mojawapo iliyo maarufu imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, palepale Paris mtakapokuwa. Nakala yenyewe haitandazwi mbele ya kila mgeni, lakini maktaba hiyo imeziweka picha za kurasa zake katika tovuti yake ya Gallica bila malipo. Jioni moja mwombe kijana wako aifungue kwenye kompyuta, uitazame Afrika ikiwa upande wa juu, kwa kuwa al-Idrisi aliweka kusini juu. Jambo la pili, ambalo huenda likakulainisha zaidi, ni kwamba al-Idrisi hakuwa mtu wa Sisilia kwa asili. Alizaliwa Ceuta, ng'ambo ya mlango wa bahari wa Gibraltar, na inaelezwa kwamba alisoma Córdoba. Kwa hiyo Mama anapokuvuta kwenda Córdoba anakupeleka alikosomea mtu wako.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa Mombasa, kuna mwingine wa kumkumbuka. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Morocco aliyelala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331 akielekea Kilwa, na kuwasifu watu wake kwa uchaji na misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, alifika Granada karibu mwaka 1350. Sultani Yusuf wa Kwanza alikuwa mgonjwa, hakumpokea. Mama yake sultani alimpelekea dinari za dhahabu. Hukohuko Granada alikutana na kijana mwandishi aitwaye Ibn Juzayy, ambaye baadaye ndiye aliyeyaandika masimulizi ya safari zake zote, Mombasa ikiwamo. Mwalimu wa jiografia kutoka Mombasa hana haja ya kujiona mgeni kabisa katika mji huo.

Alhambra ndiyo itakayowapa kazi kubwa ya maandalizi, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Kasri hili lilianza kujengwa na ukoo wa Banu Nasr baada ya mwaka 1238, na sehemu zake nzuri zaidi ni za karne ya 14, enzi za Yusuf wa Kwanza na mwanawe Muhammad wa Tano. Tarehe 2 Januari 1492 sultani wa mwisho alilikabidhi kwa Fernando na Isabel, watawala Wakristo wa Hispania, na kwa kuwa wafalme hao walilipenda, hawakulibomoa. Idadi ya wageni wanaoruhusiwa kuingia kwa siku ina kikomo. Tiketi hutolewa kwa jina na namba ya pasipoti, na kwa majumba ya ndani, yanayoitwa Majumba ya Wanasri, mnapewa saa maalumu ya kuingia. Mkichelewa mlango huo haufunguliwi tena kwa ajili yenu. Mwezi wa Aprili tiketi hizo huisha mapema sana. Nunueni katika tovuti rasmi ya Alhambra, wala si kwa mawakala wanaoongeza bei juu yake, na mhakikishe kwamba tiketi mnayonunua inataja majumba hayo, kwa sababu ipo nyingine ya bei nafuu inayoruhusu bustani na ngome pekee, na watu hugundua tofauti wakiwa wameshafika mlangoni. Siku yenyewe mchukue pasipoti, si picha yake kwenye simu.

Kwa goti la Mama kuna namna nzuri ya kulizunguka eneo hili. Wageni wengi huanzia lango kuu la juu, lililo karibu na bustani za Generalife, kisha hutembea dakika kumi na tano au ishirini kuyafikia majumba, na baadaye hulazimika kurudi juu tena. Ninyi pandeni basi dogo la mjini au teksi hadi Lango la Haki, lililoko upande wa chini karibu na majumba yenyewe, muanze na majumba kwa saa yenu, kisha mwende polepole hadi Generalife na kutokea huko juu, ambako basi hilohilo hupita. Mwendo wote unaweza kufika kilomita tatu, na sehemu nyingine zina ngazi fupi, lakini mabenchi yapo na hakuna anayewakimbiza baada ya kuvuka ule mlango wenye saa.

Mkishaingia, Mama atakuwa na kitu ambacho wageni wengi pale hawana. Kuta zimefunikwa kwa plasta iliyochongwa, kazi ambayo mtu aliyeingia nyumba za kale za Lamu na kuziona zidaka zake hataiona ngeni, ingawa hii inapanda hadi darini bila kuacha nafasi ya kiganja. Ndani ya machongo hayo, yakirudiwa mara zisizohesabika, kuna maneno wa la ghaliba illa Allah, yaani hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu, ambayo yalikuwa kaulimbiu ya ukoo ule. Wageni wengine huhitaji mtu wa kuwaonyesha maneno yanapoanzia na yanapoishia. Aliyesoma madrasa, akiyatambua mara moja, atayakuta juu ya vilele vya nguzo, kwenye ukingo wa milango, pembeni mwa madirisha. Katika Ua wa Simba, ukingo wa birika linalobebwa na simba kumi na wawili wa marumaru umechorwa beti za mshairi Ibn Zamrak zinazosifu maji ya birika hilohilo. Msiondoke hapo upesi.

Ijumaa pangeni iwakute Granada. Katika mtaa wa kale wa Albaicín, ulio kilimani mkabala na Alhambra, kuna msikiti uliofunguliwa mwaka 2003, wenye bustani inayotazama kasri ng'ambo ya bonde. Mtaa huo una vilima vikali na njia za mawe madogo yanayoteleza, kwa hiyo Mama asipande kwa miguu. Mabasi madogo hufika hadi juu. Chini ya mtaa huo kuna vichochoro vyenye nyumba za chai na migahawa ya Wamoroko, na huko chakula cha halali hakina shida. Kwingineko iwe Granada iwe Córdoba, ulizeni kila mara, maana Wahispania hutia vipande vya nyama ya nguruwe hata katika chakula ambacho kwa jina ni cha mboga. Supu baridi ya nyanya ya Córdoba, iitwayo salmorejo, ni nzuri mno, lakini huletwa imenyunyiziwa vipande vya paja la nguruwe juu yake. Semeni sin jamón kabla mhudumu hajaondoka. Mabiringanya ya kukaanga yenye asali ya miwa, samaki na mayai vitawafaa. Jueni pia kwamba jikoni nyingi hufungwa kati ya saa kumi jioni na saa mbili usiku, na chakula cha usiku huanza saa ambayo nyumbani kwenu watu wanajitayarisha kulala. Nunueni matunda na mikate mapema, mkae navyo chumbani.

Córdoba ni nyepesi kwa miguu, kwa kuwa sehemu ya kale ni tambarare, na sakafu ya msikiti mkuu ni ya kiwango kimoja. Ujenzi wake ulianza mwaka 785 chini ya Abd al-Rahman wa Kwanza, na watawala waliofuata waliupanua hadi ukawa na msitu wa nguzo, ambazo leo zimebaki 856, zikibeba matao ya rangi nyekundu na nyeupe yaliyopandana mawili mawili. Mihrabu yake ya karne ya 10, ya zama za al-Hakam wa Pili, imepambwa kwa vipande vidogo vya dhahabu na vioo na imezungukwa na maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu. Huzuiwi kuitazama, ila husimama nyuma ya uzio. Hapa lazima niseme jambo ambalo ni bora Mama alijue akiwa Mombasa kuliko kuambiwa na mlinzi. Baada ya mji kutekwa mwaka 1236 msikiti ulifanywa kanisa, katika karne ya 16 kanisa kubwa likajengwa katikati yake kabisa, na hadi leo ni kanisa kuu la dayosisi ambamo Waislamu hawaruhusiwi kusali. Mtu akielekea kibla na kufunga mikono, walinzi humfuata mara moja. Wapo wageni waliotoka pale na furaha, na wapo waliotoka na uchungu uliowaharibia siku. Nashauri muingie asubuhi mlango unapofunguliwa, kabla ya makundi ya watalii hayajafika, na msiwe na jambo jingine la lazima mchana wake.

Mtauliza kwa nini nimeiacha Sevilla, ambayo ina mnara wa Giralda, uliokuwa mnara wa msikiti, na ambao hupandwa kwa njia za mteremko badala ya ngazi. Ni kwa sababu ya Aprili. Wiki ya kuelekea Pasaka mji huo hujaa maandamano ya kidini, na wiki mbili hivi baadaye huja sherehe kubwa ya mwaka, na nyakati zote mbili bei za hoteli hupanda kwa namna ambayo fedha za kiasi haziistahimili. Pasaka huwajaza watu Granada na Córdoba pia, kwa hiyo wiki hiyo iwakute kwa mjukuu, mwondoke Paris baada yake. Nguo za baridi zisibaki Paris. Mchana wa Aprili Granada ni wa kupendeza, lakini mji uko karibu mita 700 juu ya bahari, na milima ya Sierra Nevada iliyo nyuma yake bado ina theluji mwezi huo. Usiku, mtu wa Mombasa atatafuta sweta.

Kuhusu viza, hamhitaji nyingine. Ufaransa, Hispania na Italia zote zimo katika eneo la Schengen, ambalo leo lina nchi 29, na viza moja ya matembezi inatosha kote, hata kama ni ya kuingia mara moja, maadamu hamtoki nje ya eneo hilo katikati ya safari. Maombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, na kwenu hiyo ni Ufaransa. Msiifiche Hispania katika maombi. Iandikeni wazi pamoja na uthibitisho wa hoteli za usiku zile sita. Kijana wenu aende mapema katika ofisi ya meya wa mji wake aombe hati rasmi ya kuwapokea wageni, kwa sababu barua yake ya kawaida haikubaliki badala yake, na mwombaji anatakiwa awe nayo. Bima iwe ya angalau euro 30,000 na itaje eneo zima la Schengen. Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Msingoje, maana miadi ya kuelekea Aprili hujaa. Mpakani mtapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole chini ya utaratibu mpya ulioanza Oktoba 2025, na foleni zinaweza kuwa ndefu, kwa hiyo msiunganishe ndege nyingine kwa haraka siku ya kufika.

Mkikata tiketi za ndege za ndani ya Ulaya, angalieni jina la uwanja. Zile za bei ya chini mno zinazosemekana kuondoka Paris mara nyingi huondoka Beauvais, kilomita zaidi ya themanini kaskazini, na mkiongeza nauli ya basi na ada ya mabegi unafuu wote unayeyuka. Orly itawafaa zaidi. Rudini Paris angalau siku moja kamili kabla ya ndege ya nyumbani, msije mkategemea ndege ya asubuhi kutoka Málaga kuwafikisha kwenye ndege ya jioni ya Nairobi.

Limebaki jambo moja linaloweza kuugeuza uamuzi wangu. Kabla ya kulipia ndege, fungueni tovuti ya Alhambra na mtazame tarehe zenu. Tiketi za Majumba ya Wanasri zikiwapo, zinunueni siku hiyohiyo. Hata viza ikichelewa, hasara yake ni ndogo ukilinganisha na nauli. Zikiwa zimekwisha, jaribuni ziara ya usiku, na mwendelee kutazama kwa siku chache, kwa kuwa nyingine hurudishwa. Mkikosa kabisa, basi Mwalimu, Sisilia ni yako, lakini iwe Sisilia ya kutumia treni na basi. Chukueni chumba kimoja Palermo kwa usiku zote sita, katika jengo lenye lifti. Tazameni kanisa dogo la jumba la Roger, ambalo dari lake la mbao lilichongwa na kupakwa rangi kwa mikono ya mafundi wa mtindo wa Kifatimi, yaani wa dola ya Kiislamu iliyotawala Misri, na ambalo Mama atayaona ndani yake maandishi ya Kiarabu yakimsifu mfalme Mkristo. Siku nyingine pandeni basi hadi mji jirani wa Monreale, na nyingine treni ya saa moja hivi hadi mji wa pwani wa Cefalù. Etna iacheni, hata kama kijana wenu atasema inawezekana kwenda na kurudi kwa siku moja. Yeye ana magoti yake mwenyewe.